Fahamu: Mgodi wa urani unavyoweza kugusa maji ya Namtumbo

Mradi wa urani wa Mto Mkuju uko wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ndani ya bonde la Mto Rufiji. Mwaka 2012, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili kuupisha.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mgodi haujaanza.

Wataalamu hupima nini?
Kwanza, hali ya awali. Visima na mito hupimwa masika na kiangazi: wingi wa maji, uchachu na madini yaliyomo. Bila takwimu hizo, ni vigumu kuthibitisha baadaye nani kayachafua.

Pili, maji ya chini ya ardhi: yanaelekea wapi, kwa kasi gani. Shimo likishuka chini ya kina cha maji, pampu huyavuta, na visima vya jirani vinaweza kukauka.

Tatu, taka. Miamba yenye salfaidi ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali. Mabwawa ya topesumu nayo yanaweza kuvuja.

Kuna funzo gani?
Mei 2009, maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yaliingia Mto Tigithe, wilayani Tarime.

Mwananchi, mikutano ya maoni ikiitishwa kijijini, hudhuria. Uliza vipimo vya awali viko wapi, na nani ataendelea kupima mgodi ukishafungwa.