Unyevu, Kuvu na Pumba: Sumukuvu katika Bonde la Kyela

Wilaya ya Kyela, iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nayo imelala kwenye tambarare iliyo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Rungwe na Livingstone. Joto la bondeni pamoja na maji hayo mengi ndivyo vinavyostawisha mpunga, kakao, migomba na michikichi. Hali iyo hiyo, hata hivyo, huwafaa pia viumbe wadogo wasiokaribishwa na mkulima, yaani kuvu.

Kuvu inayotia wasiwasi zaidi ni Aspergillus flavus. Huishi udongoni na katika masalia ya mazao, hustawi katika joto la karibu nyuzi 30 za Sentigredi, na ikiingia katika punje za mahindi au karanga huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ni mojawapo ya sumukuvu. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Yafaa msomaji aliweke jambo hilo akilini: elimu hii ilianzia katika chakula cha mifugo, mahali ambapo leo wengi hawatazami.

Kwa binadamu, sumu ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini, hasa kwa mtu aliyeambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiliwa kwa wingi huua upesi. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Nchini Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufa 20. Kupika si dawa, kwa kuwa aflatoksini hustahimili joto la maji yachemkayo. Ugali uliosongwa kwa unga wenye sumu hubaki na sumu. Wala macho si kipimo cha kutegemewa, kwani punje iliyo safi kwa kuitazama yaweza kuwa imekwisha kuchafuliwa.

Katika nyanda kavu za kati, ukame huudhoofisha mmea na kuipa kuvu nafasi tangu shambani. Kyela hatari kubwa hukaa kwingine, katika siku zile baina ya kuvuna na kuhifadhi. Mvua huendelea mpaka mwezi Mei, na mahindi yaliyopevuka mapema huvunwa mawingu yakiwa bado yametanda. Mazao yakirundikwa chini yakiwa mabichi, au yakianikwa juu ya udongo mtupu na kunyeshewa usiku, kuvu hupata yote inayohitaji. Kuanika juu ya turubai, jamvi au kichanja, na kufunika mapema jioni, huonekana jambo dogo. Lakini hapa ndipo sehemu kubwa ya kinga ilipo.

Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, na karanga zilizobanguliwa asilimia 7. Mkulima asiye na kipimo aweza kutumia chumvi kavu: huitia katika chupa kavu pamoja na mahindi, akatikisa kwa dakika chache, kisha akaiacha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Jaribio hili lifanywe kabla ya kutumia mifuko isiyopitisha hewa, maana mahindi mabichi yaliyofungiwa humo huharibika.

Limebaki suala la pumba, nalo halijapewa uzito unaostahili. Mahindi yanapokobolewa, sehemu kubwa ya sumu huondoka pamoja na maganda na viini. Mlaji wa sembe hupata nafuu, lakini sumu haikutoweka: imehamia katika pumba, na pumba ni chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe. Vivyo hivyo punje mbovu zilizochambuliwa kwa uangalifu jikoni hutupiwa kuku uani, au hutengwa kwa ajili ya pombe, ingawa uchachushaji hauondoi sumu yote. Kuku hudumaa na kupunguza kutaga. Ng'ombe wa maziwa huibadili sehemu ya sumu na kuitoa katika maziwa, na kwa njia hiyo huirudisha katika kikombe cha mtoto. Punje zilizoota kuvu zastahili kufukiwa.

Kakao nayo ina sumukuvu yake, okratoksini A, itokanayo na kuvu nyingine. Huongezeka katika maganda yaliyojeruhiwa au kuoza, na katika mbegu zinazochelewa kukauka baada ya kuvundikwa. Tangu Januari 2023 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 3 kwa kilo ya unga wa kakao. Mkulima wa Kyela anayetenga maganda mabovu siku ya kupasua, na kukausha mbegu zake mpaka unyevu ufike asilimia 7 au 8, hana haja ya kukihofu kikomo hicho.