Lenzi ya Picha za Jioni: Pima Chumba Kabla ya Kununua

Bila shaka nyumbani kwako imo picha moja unayoisikitikia. Mtu umpendaye yumo ndani yake, lakini sura yake imekuwa kama moshi, kwa kuwa ilipigwa usiku na taa ya chumba ilikuwa moja.

Mimi ninazo nyingi. Usiku wa kuamkia arusi ya mdogo wangu, mama yetu aliketi mkekani akimpaka bibi arusi hina. Nilipiga picha zipatazo 40. Asubuhi nilipozitazama, mikono ya mama ilikuwa michirizi mitupu. Zile chache nilizozipiga kwa flashi zilimwonyesha akiwa ameng'ara kupita kiasi, macho yamemtoka, na nyuma yake giza. Mama alicheka akasema si neno. Lakini usiku ule hautarudi tena.

Kosa halikuwa la kamera. Lilikuwa la lenzi, na la mimi niliyekuwa siijui lenzi yangu.

Kamera nyingi za familia zimeuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi nyepesi na yenye manufaa mengi mchana. Udhaifu wake ni tundu lake la kupitishia mwanga. Ukiivuta hadi mwisho, tundu hilo haliwezi kufunguka kupita kipimo cha f/5.6. Kumbuka kwamba katika vipimo hivi namba inapokuwa ndogo, tundu huwa kubwa. Lenzi isiyovuta yenye kipimo cha f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara 10 ya ule wa f/5.6. Maana yake ni kwamba picha iliyohitaji sehemu moja ya sita ya sekunde, muda ambao mkono wa mpakaji hina huwa umekwisha sogea, sasa yaweza kupigwa kwa sehemu moja ya sitini. Ndiyo sababu wapiga picha huziita lenzi za kasi.

Pengine utaniambia kwamba lenzi yako ya sasa ina kifaa cha kuzuia mtikisiko. Ni kweli, nacho hufaa sana. Lakini kifaa hicho hutuliza mkono wako wewe mpigaji. Hakimtulizi mtoto anayecheza.

Basi, baada ya arusi ile nilijinyima kwa miezi kadhaa, nikaenda dukani. Muuzaji alinisifia lenzi ya milimita 50, nami sikuuliza swali hata moja. Jioni ile ile niliwaketisha mama na wajukuu wake watatu kochini. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, hatimaye mgongo wangu ukagonga kabati la vyombo. Mama alipoitazama picha akauliza, "Mwanangu, mbona umetukata miguu, na huyu wa pembeni umemwacha nje?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa wewe ulijue kabla ya kutoa fedha zako. Tangu mwaka 1925, kamera ya kwanza ya Leica ilipoanza kuuzwa ikiwa na lenzi ya milimita 50, watu wengi wamekuwa wakiiita lenzi ya kipimo hicho kuwa ya kawaida. Lakini kawaida hiyo ni ya fremu ya filamu yenye upana wa milimita 36. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo zaidi, chenye upana wa milimita 22 hadi 24 hivi. Juu ya kamera hizo lenzi ya 50 huona sehemu ndogo ya mandhari, kana kwamba ni ya milimita 75 au 80. Ukisimama mita mbili na nusu kutoka kwenye kochi, itaona upana wa mita 1.2 tu, yaani watu wawili waliobanana. Lenzi ya milimita 35, mahali pale pale, itaona karibu mita 1.7.

Kwa hiyo swali la kwanza silo "Ipi ina tundu kubwa zaidi?" bali ni "Nitampiga nani, na nitasimama wapi?" Ikiwa unataka sura ya mtu mmoja, au una ua mpana, lenzi ya 50 itakupendeza mno. Ikiwa maisha yenu ya jioni ni ndani ya chumba kimoja cha kukalia, chagua 35 au hata 24, ijapokuwa ile ya 24 ya bei nafuu aghalabu huishia kwenye f/2.8.

Jaribio lake halina gharama. Chukua lenzi yako ya kuvuta, iweke kwenye 35, kisha ifunge kwa gundi ya karatasi isizunguke. Piga nayo jioni nzima nyumbani. Kesho yake fanya hivyo hivyo kwenye 50. Picha zitakuwa na giza, lakini usijali. Unachopima ni nafasi, si mwanga. Kipimo ambacho hakikukugongesha kabati ndicho chako.

Ukisha kuamua, yako mambo matatu ya kuangalia dukani. Kwanza, hakikisha lenzi inaoana na kamera yako. Kwa mfano, kamera ndogo za Nikon za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ndani yake, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zenyewe itakubidi uzilenge kwa mkono. Pili, kama ni lenzi iliyokwisha tumika, imulike kwa tochi na kuchungulia ndani. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kuvu huota juu ya vioo mithili ya utando wa buibui, na kulisafisha ni kazi ya fundi. Tatu, ijaribu palepale kwa kumlenga mtu aliye karibu.

Tena, ukipenda boga, penda na ua lake. Lenzi ya 50 ikiwa imefunguliwa hadi f/1.8, uso ulio umbali wa mita moja na nusu utakuwa na kina cha sentimita sita au saba tu kilicho wazi. Jicho litaonekana vizuri, sikio litafifia. Kwa hiyo lenga jicho, na watu wanapokuwa wengi punguza tundu hadi f/2.8 au f/4.

Na lenzi yako ya zamani usiiuze. Itakufaa mchana, safarini, na kwenye mikusanyiko mikubwa.

Mimi niliibadilisha ile 50 kwa 35, kwa hasara kidogo. Juzi jioni nilimpiga mama akichambua mchele na mjukuu wake mdogo kando yake, chini ya taa ile ile moja. Mikono yake imeonekana, kidole kwa kidole. Aliishika picha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Leo miguu yetu imo."