Nani Ashikaye Mizani ya Elimu?

Malori yaendayo Zambia na Kongo hupimwa katika mizani ya Vigwaza. Dereva aweza kunung'unika, lakini ajua kwamba kipimo hicho ni cha sheria, na sheria ni ya nchi zetu wenyewe. Watoto wetu nao hupimwa. Je, mizani yao ni ya nani?

Swali hili si jipya. Kwa miaka mingi mitihani yetu ya sekondari ilitungwa na kusahihishwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na kwa sheria ya mwaka 1973 tukaunda Baraza letu la Taifa. Mwaka 1974, mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee. Kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe.

Mizani ya nje ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2014 Benki ya Dunia, pamoja na Uingereza na Sweden, iligharimia mpango wa elimu kwa masharti ya matokeo: sehemu ya fedha ilifungamanishwa na kasi ya kusoma ya watoto wadogo, maneno kwa dakika. Alipaye kwa kipimo ndiye achaguaye cha kupimwa, kisichopimwa husahauliwa.

Hatusemi kupima ni kubaya. Katika upimaji wa SACMEQ wa mwaka 2007, ulioendeshwa na wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika, wanafunzi wa darasa la sita wa Tanzania Bara walijibu kwa Kiswahili, wakaongoza nchi zote shiriki katika kusoma. Rika hilo hilo lilifikia kidato cha nne mwaka 2012, likatahiniwa kwa Kiingereza. Katika matokeo ya kwanza zaidi ya nusu walipata sifuri. Upungufu wa walimu na vitabu ulichangia, lakini lugha ya mtihani haiwezi kuachwa nje ya hesabu.

Waliopita chuoni hapa pwani wanakumbuka jinsi Kurani inavyowaonya wapunjao vipimo. Mtoto anayeulizwa kwa lugha asiyoielewa naye amepunjwa.

Kwa hiyo tunasisitiza: Taifa liamue kwanza mtoto ajue nini na aulizwe kwa lugha gani, ndipo wageni waalikwe kusaidia kupima. Na matokeo yasiishie katika makabrasha ya wafadhili. Yasomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji, mbele ya wazazi.