Kujenga Tovuti kwa Mtu Asiye Fundi

Wanachama wetu kadha wa kadha watuuliza siku hizi: yawezekana mkulima asiyesomea kompyuta akajijengea tovuti yake mwenyewe, au ni lazima amwendee fundi na kumlipa? Jawabu yetu ni kwamba yawezekana, wala si kazi ya kutisha. Mtu ajuaye kuandika barua na kupiga picha kwa simu aweza kuianza Ijumaa baada ya sala, na Jumapili jioni akawa amekwisha. Lakini lipo jambo moja ambalo twaona halisemwi vya kutosha, nalo ndilo liwapotezealo watu kazi yao. Tutalifikia hapo mbele.

Kwanza yafaa tujue tovuti ni kitu gani. Ni kurasa za maandishi na picha zilizowekwa katika kompyuta isiyozimwa, iitwayo seva, ili mtu popote alipo azifungue kwa anwani yake. Aliyebuni mpango huu ni Bwana Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, taasisi ya uchunguzi wa fizikia iliyo karibu na Geneva. Alitoa shauri lake mwaka 1989, tovuti ya kwanza ikaonekana mwaka 1991, na mwezi wa Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu ana ruhusa kuutumia uvumbuzi ule bila ya malipo. Wengi hawajui kwamba programu yake ya kwanza ya kusomea kurasa ilikuwa pia ya kuziandikia. Mtu alisoma na kuandika mahali pamoja, asijishughulishe na zile alama za HTML zilizofichika chini. Programu zilizopata sifa baadaye, kama Mosaic ya mwaka 1993, zilikuwa za kusomea tu, na ndipo kuandika kurasa kukawa kazi ya mafundi. Kwa hiyo anayejenga tovuti leo bila ya kuandika msimbo hafanyi jambo la kihuni. Airudia nia ya mwenye kuubuni.

Vyombo vya kazi hii ni vingi. Google Sites haina malipo, nayo yataka tu uwe na akaunti ya Google. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, yapatikana kwa malipo na bila ya malipo. Wix nayo ni hivyo hivyo. Katika zote waonyeshwa violezo, yaani kurasa zilizokwisha pangwa. Wachagua kimoja, wafuta maneno yaliyomo na kutia yako, waburuta picha na kuiweka mahali pake, kisha wabonyeza kitufe cha kuchapisha. Twashauri kazi ifanywe kwa kompyuta, hata ya kuazima, kwani kioo cha simu ni kidogo na kidole huangukia pasipotakiwa.

Wengi hukosea kwa kuanza na rangi. Tuchukue mfano wa familia yenye shamba la viungo inayotaka kupokea wageni waje kuona mikarafuu, midalasini na mipilipili manga. Kabla ya kuwasha kompyuta, nawachukue karatasi na kuandika yale ambayo mgeni atauliza: Ninyi ni nani? Shamba liko wapi, na kutoka bandarini hufikwa kwa gari gani? Nitaona nini, na kwa saa ngapi? Kiasi gani? Nimpigie nani? Majawabu yakitimia, tovuti imekwisha kwa sehemu kubwa, na ukurasa mmoja watosha. Msiandike kwamba shamba lenu ni zuri kupita yote duniani. Andikeni kwamba mwezi wa Agosti mgeni atawakuta watu wakichambua karafuu na kutenga makonyo, na kwamba ataona karafuu mbichi zikigeuka rangi juu ya jamvi. Hayo ndiyo yatakayomtoa mtu kwao. Na hapa tutie neno: kuuza karafuu kavu kuna sheria yake na mnunuzi wake, na tovuti haimpi mtu ruhusa ambayo hakuwa nayo. Tangazeni wageni, na viungo ambavyo mna haki ya kuviuza.

Picha nazo zataka akili. Picha moja ya simu za siku hizi yaweza kufika megabaiti tatu au nne. Mkitia kumi kama zilivyo, mgeni mwenye mtandao dhaifu atangoja mpaka achoke. Zipunguzeni kwanza upana mpaka pikseli 1200 hivi, na kila moja isipite kilobaiti 300. Programu za kupunguzia zipo za bure. Tena chini ya kila picha pana nafasi ya kuandika maelezo yake, ambayo programu humsomea mtu asiyeona. Ijazeni. Kisha ukurasa ukikamilika, mpeni jirani mwenye simu duni kabisa aufungue mbele yenu, nanyi mnyamaze mtazame wapi anakwama.

Sasa tufikie lile tulilolitaja mwanzo. Kwetu visiwani si ajabu mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine. Wazee wetu wajua vizuri maana yake: mikarafuu umeipanda na kuipalilia wewe, lakini mwenye ardhi akibadili shauri, huwezi kuing'oa ukaihamisha. Anayejenga tovuti kwa vyombo tulivyovitaja yumo katika hali iyo hiyo. Maneno na picha ni zake. Ardhi ni ya kampuni.

Kisa chake kimekwisha kutokea. Mwaka 1994 katika California ilianzishwa huduma iliyokuja kuitwa GeoCities. Ilimpa kila mtu kiwanja cha bure cha kujenga kurasa zake, navyo viwanja vilipangwa kwa mitaa: wapenda sinema walikaa mtaa wa Hollywood, wenye mambo ya kompyuta mtaa wa SiliconValley, na kila nyumba ilikuwa na namba. Watu wasio mafundi hata kidogo wakajenga humo kurasa kwa mamilioni: habari za familia, mapishi, historia za vijiji. Kampuni ya Yahoo ikainunua mwaka 1999, na mwezi wa Oktoba 2009 ikaifunga. Ile ya Japani ikafungwa mwezi wa Machi 2019. Ilani ilitolewa, lakini wangapi walikuwa wakiisoma barua pepe yao ya zamani? Baadhi ya kurasa ziliokolewa na watu wa kujitolea wa Archive Team na maktaba ya Internet Archive, na nyingine hazikuonekana tena.

Hatusemi haya ili watu waogope vya bure. Kiwanja cha bure chafaa kwa kuanzia. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mtu aweza kukimiliki kwa jina lake, nacho ni anwani. Wataalamu huiita kikoa, neno ambalo kwetu latukumbusha kula kwa zamu, ila hapa kila mtu ale chake. Ukitumia anwani ya bure, jina lako huwa limeandikwa nyuma ya jina la kampuni, mathalan sites.google.com, nawe ukihama jina hilo hulichukui. Ukijiandikishia lako, liwe la .co.tz kwa biashara au .or.tz kwa chama, walielekeza utakako. Leo laelekea Google Sites, kesho laelekea pengine, na mgeni aliyeliandika katika daftari lake haoni tofauti. Jina hulipiwa kila mwaka kwa wakala aliyeidhinishwa, na kwa maoni yetu, kama mtu ana fedha kidogo za kutumia katika kazi hii yote, azitumie hapa, rangi na mapambo yangoje.

Na liandikishwe kwa jina la nani? Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kufungwa kwa kampuni yoyote. Mara nyingi familia au chama humwomba kijana mwerevu, au fundi wa mjini, awaandikishie. Naye huandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, si kwa ubaya, bali kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Miaka ikapita, fundi akaenda Muscat au Dar es Salaam, simu yake haipatikani, ada ya mwaka haikulipwa, na jina likachukuliwa na mtu mwingine. Kadi zimekwisha chapwa, kibao kimekwisha simikwa barabarani, nayo anwani iliyoandikwa hapo yafungua duka la mtu msiyemjua. Kwa hiyo mlipeni fundi kazi yake, lakini jina liwe lenu, barua pepe ya kuandikishia iwe yenu, na nenosiri liandikwe katika daftari linalofungiwa pamoja na hati za shamba. Chama nacho kiwe na watu wawili wanaolijua.

Kabla ya kuchagua chombo, ulizeni pia kama mnaweza kuondoka na kazi yenu. WordPress hukuruhusu kutoa maandishi yako yote katika faili moja na kuyapeleka penginepo. Google nayo ina njia ya kushusha nakala. Wix wenyewe waeleza kwamba tovuti iliyojengwa kwao haihamishiki kwa mwenye seva mwingine. Uzuri wa violezo vyao hatuukatai, lakini mtu naaingie akijua. Na kwa vyovyote, maneno yote mliyoyaandika na picha kabla ya kupunguzwa vikae katika kompyuta yenu au katika kijiti cha USB, ndani ya mfuko mkavu, mbali na sehemu ya kuanikia. Tarehe ya kulipia jina andikeni katika kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla haijafika.