Macho ya Kukodi Katika Tope la Lembeh

Mtu wa Nungwi ukimwambia umebadilisha ndege mara tatu na kulipa fedha nyingi ili ukazamie kwenye tope mbele ya bandari ya wavuvi, atakuuliza kama matumbawe ya huko yamekwisha. Hayajakwisha. Upande wa pili wa rasi ileile ya Sulawesi Kaskazini, Indonesia, ipo Bunaken, hifadhi ya taifa ya bahari tangu 1991, yenye kuta za matumbawe zinazoteremka hadi jicho likakoma. Hata hivyo wapo wazamiaji wenye kamera za thamani ya gari ambao Bunaken huipa siku moja, Lembeh wakaipa juma zima.

Lembeh ni mlango wa bahari kati ya Sulawesi yenyewe na kisiwa chenye jina hilo. Urefu wake ni kama kilomita 16, na upana kilomita moja au mbili tu. Ufukweni uko mji wa Bitung, bandari kubwa ya jodari, na ukiwa chini unasikia injini za meli zikinguruma juu ya kichwa. Wavuvi wadogo huenda na perahu yenye matengo mawili, na mtu wa pwani yetu akiiona haulizi: ni ngalawa. Wanahistoria wengi wanaamini maarifa ya matengo yalivuka Bahari ya Hindi kutoka pande hizo kuja kwetu, zamani sana. Hata salamu yao ya asubuhi, *selamat pagi*, imebeba ile salama tunayoijua sisi, kwa kuwa wao na sisi tuliichota kwenye Kiarabu.

Mchanga wa hapo ni mweusi, mchanga wa volkano. Mlima Tangkoko uko karibu. Nilishuka mita sita, nikaona mteremko mpole wa rangi ya majivu, chupa, kipande cha kamba ya nailoni, kuti linalooza, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Dakika kumi za kwanza nilikuwa nikihesabu pesa zangu.

Aliyeupa mtindo huu jina ni Bob Halstead, mzamiaji Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Papua Guinea Mpya. Huko Milne Bay, kwenye ufukwe unaoitwa Dinah's Beach kwa jina la mkewe, aligundua kwamba chini ya boti, penye mchanga uliochafuka, kulikuwa na viumbe ambao kwenye mwamba hakuwahi kuwaona. Neno alilolichagua kwa Kiingereza lina harufu ya zizi la ng'ombe. Mimi nitasema kuzamia topeni, yatosha.

Kwa nini basi viumbe wa ajabu namna hii wajae mahali pabaya namna hii? Fikiria nyumba. Samaki mdogo wa kwenye matumbawe anaishi mjini: kila hatua kuna uchochoro, kila uchochoro una mlango, adui akitokea anaingia. Kwenye mchanga mtupu hakuna mlango. Na chakula kipo tele, maana mkondo unaopita katika mlango ule mwembamba haukomi kuleta planktoni, nayo mvua inakokota rotuba kutoka nchi kavu. Chakula kinawaita, maficho hayapo. Anayetaka kuishi hapo ajifukie, au ajifananishe na kitu kisicholiwa, au abebe sumu, au abebe nyumba yake mwenyewe. Yaani mwili ndio unaolazimika kuwa maficho, na miaka mamilioni ya kulazimishwa hivyo ndiyo iliyozaa vituko vya Lembeh.

Chukua anayebeba nyumba. Nilimkuta mita 12 chini: pweza ambaye kichwa na kiwiliwili chake havizidi ngumi, amekaa ndani ya kifuu cha nazi kilichopasuka nusu, kifuu kilekile tunachokitia mpini kikawa upawa. Nusu ya pili ameifunika juu kama kawa. Palibaki upenyo wa vidole viwili, na ndani ya upenyo jicho. Tulitazamana. Baada ya muda akaona sina maana, akafungua kawa lake, akapanga nusu moja ndani ya nyingine kama bakuli za kabatini, akazikalia, akateremsha mikono kila upande, akaikaza ikawa kama fimbo, akaondoka nazo kwa ncha za mikono, mithili ya mtu aliyepanda mironjo asiyeizoea.

Huyu ni *Amphioctopus marginatus*, na mwaka 2009 watafiti Julian Finn, Tom Tregenza na Mark Norman walimwandikia ripoti katika jarida la Current Biology, baada ya kukaa chini ya maji zaidi ya saa 500 huko Sulawesi Kaskazini na Bali. Walichokisisitiza ni kitu ambacho mtu anaweza kukipita hivihivi. Yule kaa anayeishi ndani ya kombe la konokono analindwa na kombe lake muda wote. Pweza huyu, anapokuwa safarini, kifuu hakimlindi hata kidogo. Kimekaa chini yake, kinamchelewesha, na mwili wake uko wazi juu. Anakubali hasara ya sasa kwa faida ya baadaye. Kwa sababu hiyo walikiita kifuu kifaa, kama mwamvuli unaoubeba asubuhi hakuna wingu. Na kifuu chenyewe kimetoka kwetu sisi watu: nazi inayooza baharini haipasuki nusu kwa nusu safi vile. Kumbe jikoni kwa watu wa Minahasa, wenyeji wa rasi hiyo ya minazi, ndiko kunakotoka nyumba za pweza.

Binamu yake, *Thaumoctopus mimicus*, aliyeonekana mara ya kwanza pwani ya Sulawesi mwaka 1998 na kupewa jina la kisayansi 2005, alichagua njia nyingine. Akikimbia hukunja mikono nyuma, akajilaza bapa na kuogelea akigusagusa mchanga kama gayogayo. Akibanwa zaidi huitumbukiza mikono sita shimoni, akanyoosha miwili iliyobaki huku na huku, ikawa nyoka wa baharini mwenye pingili nyeusi na nyeupe. Mimi sikumwona. Nilioneshwa shimo lake.

Samaki-chura mwenye manyoya nilimwona, na nilimwona dakika tatu nzima kabla ya kumwona. Kiongozi alinyoosha kidole. Pale palikuwa na kishada cha mwani. Kishada kikapiga mwayo. Manyoya yale si manyoya bali ni nyuzi za ngozi, na juu ya mdomo ana kijiti chenye chambo cha nyama mfano wa mnyoo, anachokichezesha mbele ya uso wake. Samaki mdogo akiufuata mnyoo, mdomo unafunguka na kummeza kwa sehemu 6 hivi kati ya 1,000 za sekunde. Kope lako likifumba na kufumbuka mara moja, yeye angeweza kula mara kadhaa. Akimaliza anatembea, hasa kutembea, kwa mapezi yaliyokuwa vikono.

Wa sumu nitasema mmoja. Pweza wa pete za buluu, mdogo kuliko kiganja, ana sumu ileile ya bunju, tetrodotoksini. Sumu hii inafunga mishipa ya fahamu, misuli ya kupumua inasimama, huku mgonjwa akili zake zote anazo. Dawa ya kuitengua haipo. Anayeokolewa ni yule aliyepuliziwa pumzi na wenziwe mpaka mwili ukaimaliza sumu wenyewe. Pete zake huwaka anapoudhika. Ukiona zinawaka, umeshakaribia kupita kiasi.

Mtu hudhani uzamiaji huu ni wa wajuzi wa vina virefu. Ni kinyume, na hesabu ni nyepesi. Mtungi wa kawaida wa aluminiamu una ujazo wa lita 11; ukijazwa baa 200 unashika lita 2,200 za hewa. Mzamiaji mtulivu anatumia kama lita 15 kwa dakika akiwa juu ya maji. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili, basi kila pumzi inakula mara mbili, lita 30. Bakisha baa 50 za akiba, una dakika 55. Mita 30 chini shinikizo ni mara nne, na mtungi uleule haukupi hata nusu saa. Anayetaka kumtazama kamba wa ukubwa wa punje ya mchele hana sababu ya kwenda chini zaidi.

Ugumu uko kwenye miguu. Tope likitimka limetimka, na wenzako sita walio nyuma hawataona kitu kwa dakika nyingi. Kwa hiyo hupigi mateke ya juu na chini. Unakunja magoti na kusukuma pembeni kama chura, na unajifunza kuelea shubiri moja juu ya mchanga kwa pumzi tu, ukivuta unapanda kidogo, ukitoa unashuka. Pia uende na taa hata mchana, kwani maji humeza rangi nyekundu kwanza. Mita kumi chini konokono mwekundu asiye na kombe anaonekana kipande cha kinyesi, umulike ndipo awe johari. Kwa mwenye kamera kuna adhabu nyingine: ukimsogelea kiumbe mpaka ajae kwenye picha, sehemu inayotoka kali ni milimita chache tu. Jicho likitoka vizuri, mkia umekuwa ukungu. Wengi wanabishana na milimita hizo nusu saa kwa picha moja, nami nakiri kuwa inachosha kuwasubiri.

Lakini kifaa cha bei kubwa kuliko vyote hakimo mkobani. Ni macho ya kiongozi, kijana aliyezaliwa hapohapo, nawe umeyakodi. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema hatafuti mnyama. Anatafuta jicho, maana jicho ni duara na mchanga hauna duara. Anatafuta kitu kinachopumua, au mstari ulionyooka mno. Farasi-bahari mdogo kuliko ncha ya kidole aliyetangazwa kwa wanasayansi 2008 anaitwa *Hippocampus pontohi*, kwa heshima ya Hence Pontoh, kiongozi wa wazamiaji wa Sulawesi Kaskazini aliyewaonesha watafiti. Hafiki hata sentimita mbili. Na macho haya ni uchumi: utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kuzamia topeni kunaingiza zaidi ya dola milioni 150 kwa mwaka katika Indonesia na Ufilipino, na kuajiri watu zaidi ya 2,200.

Fedha hizo zina upande wake mbaya. Kila kiongozi hushika kijiti cha chuma cha kuchomeka mchangani ili ajizuie asielee ovyo, na siku ya tatu nilikiona kikifanya kazi nyingine. Mgeni mmoja wa kikundi kingine alitaka pweza atoke kifuuni. Akaashiria, na kiongozi wake, ambaye bakshishi yake iko mkononi mwa mgeni, akachokoa. Pweza akageuka mweupe, akaachia kifuu kimoja, akakimbia na kingine. Mwanamke wa Jambiani akimchokoa pweza anakwenda kumpika. Huyu alichokolewa ili akae vizuri kwenye picha. Wapiga picha wamelumbana miaka mingi iwapo mwanga wa kamera unawaumiza samaki hawa. Maarten De Brauwer na wenzake walilipima jambo hilo kwa farasi-bahari na samaki wengine wa chini, wakachapisha 2019: mwanga haukuonekana kuharibu macho yao, kilichowasumbua zaidi ni kushikwa na kusukumwa.

Niliporudi Unguja nilikwenda kumwonesha shangazi yangu video ya pweza wa kifuu. Miaka arubaini amekwenda pwani kila bamvua maji yakitoka, na mchokoo begani. Shimo la pweza analijua kwa magamba ya kaa yaliyotupwa mlangoni, hata mimi nikiwa nimesimama juu yake. Nilimwamkia, nikampa simu. Aliitazama video mpaka mwisho, akaguna.

"Anahama na vyombo," akasema. "Irudishe nyuma."

Nikairudisha.

"Simamisha. Na huyu mwengine?"

"Yupi, shangazi?"

Aliweka ukucha kwenye kona ya chini ya kioo, mbali na pweza, juu ya mchanga ambao nilikuwa nimeutazama mara ishirini. Nikaukuza. Palikuwa na madoa mawili, yote ya duara, yakiangalia juu.