Mwangwi wa Bamba la Chuma

Sauti inayorekodiwa katika chumba ambacho kuta zake zimefunikwa kwa sponji na vitambaa hutoka ikiwa kavu, kwa kuwa mawimbi yake hufyonzwa kabla ya kurudi, na kwa sababu hiyo mafundi mitambo hulazimika kuiongezea mwangwi baadaye. Zamani studio zilitenga chumba kitupu chenye kuta ngumu, sauti ikapigwa humo kwa spika na kunaswa upya kwa maikrofoni, jambo lililohitaji nafasi ambayo si kila studio iliimudu.

Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani ya EMT ilileta mtambo wa EMT 140, uliobuniwa na Walter Kuhl, ambamo nafasi ya chumba ilichukuliwa na bamba la chuma lenye urefu wa takriban mita 2, upana wa mita 1 na unene wa nusu milimita, lililowambwa ndani ya fremu na kufungiwa katika kasha. Kifaa kimoja hulitikisa bamba kwa kufuata sauti iliyopelekwa, na kingine hunasa mtikisiko huo na kuurudisha kuwa umeme. Toleo la stirio lililofuata lilikuwa na vinasa viwili. Ubao laini ulio sambamba na bamba husogezwa karibu ili mwangwi ufe upesi, au mbali ili udumu sekunde kadhaa. Mtambo huo ulihesabiwa kuwa mdogo, ingawa uzito wake ulifikia takriban kilo 270.

Upekee wake unatokana na fizikia. Hewani sauti nyembamba na nzito husafiri kwa kasi ileile, lakini katika bamba jembamba zile nyembamba hutangulia, hivyo mwangwi husongamana tangu mwanzo na kung'aa, bila ile miakisi ya awali inayomjulisha msikilizaji ukubwa wa chumba. Kwa kweli haufanani na chumba chochote, na hapo ndipo ulipo ubora wake, kwani huinenepesha sauti ya mwimbaji bila kumsogeza nyuma ya ala.

Katika kuchanganya muziki, nakala ya sauti hupelekwa kwenye mwangwi kwa njia ya pembeni, ili sauti kavu ibaki ilivyo na mwangwi uongezwe kwa kiasi. Ni desturi pia kuuchelewesha kwa makumi machache ya milisekunde, kazi iliyofanywa zamani kwa mashine ya utepe, ili silabi isikike kabla ya kufunikwa. La muhimu zaidi, na linalosahauliwa mno, ni kuchuja besi kabla ya kuifikisha kwenye bamba. Katika studio za Abbey Road, London, masafa ya chini ya hezi 600 yalipunguzwa kwa namna hiyo. Leo programu za kompyuta huiga bamba hilo kwa bei nafuu, na prodyuza anayeacha besi ipite humo atapata wimbo uliojaa ukungu, hata programu yake iwe bora kiasi gani.