KABILA JIPYA HUINGIZWAJE MCHEZONI?

Fungueni madaftari, msome polepole pamoja na mwalimu wenu.

Somo letu ni juu ya michezo ya kompyuta inayochezwa kwa intaneti. Huenda mtoto wako anaicheza. Yafaa ujue ndani yake mna nini.

Katika michezo hii, maelfu ya watu hukutana katika nchi ya kubuni, kama nchi za hadithi za mazimwi na majini. Kabla ya kuanza, kila mchezaji huchagua kabila lake. Kabila moja lina nguvu, jingine lina uganga. Makabila hayo hayako duniani. Yametungwa na mafundi.

Tutazame mfano. Mchezo uitwao World of Warcraft ulitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2004. Una pande mbili, Alliance na Horde, na mwanzoni kila upande ulikuwa na makabila 4. Askari mtakatifu alikuwa wa Alliance tu. Mganga wa moto na upepo alikuwa wa Horde tu.

Mwaka 2007 mafundi waliongeza makabila mawili. Kwa nini mawili, wala si moja? Fikiri mchezo wa bao. Kila mchezaji ana kete 32, jumla 64. Ukimwongezea mmoja kete, usimwongezee mwenzake, mchezo umeharibika. Basi Horde walipewa Blood Elf, ambao waliweza kuwa askari watakatifu. Alliance walipewa Draenei, ambao waliweza kuwa waganga. Kila upande ukapata ulichokosa.

Tena fundi hana budi kueleza wageni wametoka wapi. Draenei, kwa mfano, walikimbia adui, chombo chao cha angani kikaanguka, wakahitaji marafiki. Mwaka 2012 wakaja Pandaren, wanaofanana na mnyama panda wa China. Hao waliruhusiwa kuchagua upande wowote. Kwenu Tunduma jambo hili si geni: Wanyamwanga wako Tanzania, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, wako Wanyamwanga vilevile.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Katika mchezo, fundi huandika: kabila hili ni wakali, lile ni wajanja. Ikawa hivyo, maana ndiyo kanuni. Lakini binadamu hakuandikwa hivyo.

Hata watunga michezo wameliona jambo hili. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulianza mwaka 1974, nao ni kama mzazi wa michezo mingi ya namna hii. Kwa miaka mingi, nyongeza ya nguvu au akili ilitokana na kabila. Mwaka 2020 kilitoka kitabu kilichomruhusu mchezaji kuzihamisha nyongeza hizo apendavyo. Katika kanuni za mwaka 2024, nyongeza hizo hufuata maisha na kazi ya mhusika hapo zamani, si kuzaliwa kwake.

Sokoni Tunduma hukutana Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali na wageni wa kila namna. Ukimsikia mtu akisema, "Kabila fulani ni wezi," jua kwamba anamhukumu jirani yake kwa kanuni ya mchezo. Mwizi ni yule aliyeiba. Mchapakazi ni yule anayefanya kazi. Mweleze mtoto wako tofauti hiyo mapema, kabla hajaitoa kwenye mchezo akaipeleka shuleni.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini mwaka 2007 kila upande uliongezewa kabila?
2. Kete za bao zinatufundisha nini juu ya haki?
3. Taja neno baya ulilopata kusikia juu ya kabila fulani. Je, lina ukweli gani?

Andikeni maneno haya mara tatu: kanuni, haki, jirani.

Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.